Idd Bila Nyama

Bwera, Jumatano 18 Februari

Daftari hili nililinunua niandikie mapishi mapya nikirudi kazini. Kazi hakuna. Hoteli ya watalii kule mbugani ilituambia twende nyumbani tusubiri kuitwa, na tangu Desemba sijasikia aliyeitwa. Basi nitaandika ya nyumbani, kwa Kiswahili nilichokipata Nakuru nilikosomea upishi.

Nyumbani tuko watano. Mume wangu Twaibu anaendesha Fuso la mizigo kati ya mpaka wa Kongo na mji wa Kasese. Yupo mama yake, Mama Ramula. Yupo binti yetu Nasifah, wa miaka kumi na mmoja. Na tangu mwezi uliopita yupo Elise, wa miaka kumi na miwili. Baba yake, Sosthène, ni mfanyabiashara wa Butembo ambaye Twaibu amembebea mizigo miaka tisa. Alimleta mtoto kwetu kwa sababu huko kwao hali imechafuka, kisha akarudi kumchukua mkewe Sylvie na mtoto mdogo, Hardy, waliokuwa kwa bibi wa watoto upande wa Beni. Alisema wiki mbili. Hii ni ya tano.

Leo Elise amerudi kanisani na majivu kwenye paji la uso. Wao wanaanza Kwaresima na sisi tunaanza Ramadhani wiki hii hii. Alisimama mlangoni pa jikoni, akaniita shangazi kwa Kifaransa chao, "Tantine, mi sitakula nyama mupaka Pasaka. Nimeahidi Mungu, juu mama afike muzuri."

Nikamwambia sawa. Ningesema nini?

Ijumaa 20 Februari

Mvua. Mkaa umelowa. Futari imechelewa, Mama Ramula amenuna.

Jumapili 22 Februari

Kuna sufuria mbili jikoni sasa: ya nyama, na ya maharage ya Elise. Jana, usiku haujaingia bado, nikaona mtoto amehamia na sahani yake kwenye kibao karibu na mlango, ili asitutazame tukila. Hakuna aliyemfukuza. Nasifah alibeba sahani yake akamfuata, na Mama Ramula akasema kwa sauti ya kusikika, "Sasa wageni ndio wanaotupangia pa kukaa."

Nimechoka na Mama Ramula. Tangu Elise aje, anahesabu vijiko vya sukari kwa macho.

Nimewaza chakula kimoja ambacho wote tutakishika kwa mkono, kisicho na nyama, na ambacho si cha mgonjwa wala cha maskini. Nikakumbuka zile chapati ndogo za mahindi za Meksiko tulizokuwa tukiwapikia watalii. Unaikunja, unajaza ndani unachotaka, unaila kwa mkono. Nikawaambia wakati wa futari, "Wiki hii nitawapikia tako."

Twaibu akashusha kikombe.

"Utawapikia nini watoto?" Mama Ramula akauliza.

"Tako, mama. Ni chakula cha—"

"Mwezi mtukufu huu, Raihana!"

Twaibu alicheka mpaka chai ikampalia. Nasifah alificha uso magotini. Elise aliweka mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemwona mtoto huyu anacheka.

Jumatano 25 Februari

Jaribio la kwanza, aibu. Kule hotelini unga ulitoka kwenye makopo ya nje. Unga wetu wa posho, huu wa mahindi ya kawaida, haushikani. Nilikanda, nikasukuma, nikainua, ikabaki mchanga mkononi. Tulikula maharage na makombo kwa kijiko.

"Meksiko yako imevunjika," Mama Ramula akasema.

Ijumaa 27 Februari

Imevunjika tena. Na mvua imeziba mlima wote, hauonekani wiki nzima sasa.

Jumapili 1 Machi

Ni Elise aliyepata dawa. Alinitazama nikihangaika, akasema, "Tantine, kwetu unga ya bugali bananyweshaka maji ya moto. Na utie ya muhogo kidogo, itashika."

Nikamwaga maji yanayochemka juu ya unga wa mahindi, nikachanganya na unga wa muhogo, theluthi moja hivi, chumvi, nikauacha upoe chini ya kitambaa. Nikakata mfuko wa plastiki vipande viwili, donge katikati, nikakandamiza kwa kitako cha kikaango. Ikatoka duara! Nikaiweka kwenye kikaango kikavu, nikaipindua, ikavimba kidogo. Nikaikunja. Haikuvunjika.

Ndani tuliweka maharage niliyoyakaanga kwa kitunguu na bizari, sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, bila samaki, gonja, zile ndizi tamu, iliyokaangwa mpaka kingo zikawa nyeusi, na juu yake kachumbari yenye ndimu. Mimi nimefunga, siwezi kuonja, kwa hiyo Elise ndiye ulimi wangu. Anafumba macho, anasubiri kidogo, kisha anatoa hukumu. "Chumvi bado." "Pilipili imezidi, koko Ramula atakohoa." Koko kwao ni bibi.

Mama Ramula alikula nne. Hakusifu, lakini nne.

Jina lile hakuna anayethubutu kulitaja mbele yake. Elise anasema zimekunjwa kama kitabu, kwa hiyo tunaziita vitabu. "Leo tunasoma vitabu vingapi?" Twaibu anauliza akifika.

Jumatano 4 Machi

Vitabu tena. Elise ananiambia atamfundisha mama yake. Sylvie anapenda parachichi, kwa hiyo cha mama kitakuwa na parachichi.

Sosthène hajapiga simu siku kumi na moja.

Jumapili 8 Machi

Sijui niandike vipi.

Twaibu alirudi saa nane mchana, saa ambayo harudi. Hakuingia ndani. Alinipungia mkono kutoka kwenye Fuso, nikadhani gurudumu limepasuka na anataka nimshikie kitu. Nikapanda mbele, akafunga mlango na kupandisha vioo, jua likiwaka.

Akasema, "Sosthène amenipigia. Sylvie amekufa."

Nikamwuliza lini. Jumanne. Walikuwa wameshafunga mizigo. Sylvie alikwenda na mama yake shambani asubuhi, mara ya mwisho, kuchuma kakao iliyoiva ili wapate nauli na wasiiache ioze. Watu wenye silaha wakaingia shambani. Bibi pia amekufa. Hardy walimkuta kwenye majani, amevunjika mkono, na yuko hospitali. Sosthène amezika mke na mkwe siku moja, sasa anakaa kwenye kitanda cha mtoto na hawezi kuondoka mpaka daktari aruhusu.

"Elise," nikasema.

"Ndiyo hilo. Anaomba tusimwambie. Anasema, 'Mutoto asiyisikie mu telefone. Nitakuya nimuambie na kinywa yangu.' Nimempa neno langu."

"Umempa neno lako na langu?"

Akaweka paji la uso kwenye usukani. Nilikuwa na hasira naye kuliko nilizonazo kwa wale wauaji, kwa sababu wauaji siwajui na yeye yuko hapa. Nikamwambia, "Wewe utaondoka kesho alfajiri na gari. Mimi ndiye nitakayekaa naye jikoni."

"Najua."

"Atakuja kuniuliza, Twaibu."

"Najua, Mama Nasifah. Sina la kufanya."

Na mimi sina. Mtoto ni wake, huzuni ni yake, na ombi lake si la ujinga. Nikishuka nikamwambia Elise, nimemnyang'anya Sosthène kitu pekee alichobaki nacho cha kufanya. Nisipomwambia, kila neno nitakalomwambia kuanzia leo ni uongo, hata la chumvi.

Niliposhuka, Elise alikuwa ameshachemsha maji ya unga. "Tantine, umechelewa," akasema. Nikakanda. Tukapika. Akafumba macho, akaonja, akasema leo zimetoka sawasawa.

Jumatatu 9 Machi

Nimemwambia Mama Ramula, kwa sababu lazima mtu mzima mwingine humu ndani ajue. Alifuta mikono yake kwa leso. Kisha akamwita Elise, akamkalisha kati ya magoti yake, akafungua nywele zake na kuanza kuzipaka mafuta. Elise alinitazama kwa mshangao. Hata mimi nilishangaa.

Jumatano 11 Machi

Mvua kubwa. Mto umepanda, watu wa bondeni wamehamisha vitu. Tumepika wali.

Ijumaa 13 Machi

Sosthène amepiga. Twaibu alikuwa amesimamisha gari nyumbani kunywa maji, hakuwahi kuificha simu. Elise aliiona, akaja mbio, akainyakua. Nilikuwa nimeshika kisu na kabichi, na nilisimama hivyo hivyo mpaka mwisho.

"Papa! Papa, muko wapi? ... Na Hardy? ... Ameanguka? Mukono gani? ... Na mama? Nipe mama."

Akaikandamiza simu sikioni.

"Analala? ... Sawa. ... Sawa, papa. Umuambie nimejua kupika kitu."

Akamrudishia Twaibu simu kwa mikono miwili, kwa heshima. Akachukua ubao wake, akaendelea kukata vitunguu. Bila kuinua uso akasema, "Mama hajalalaka muchana."

Nikasema labda amechoka na safari.

"Labda," akasema.

Kabichi ile niliikata ikawa nyembamba kama uzi.

Jumapili 15 Machi

Nilimsema Twaibu vibaya kwenye kurasa za juu, sasa nirekebishe. Leo dereva mwenzake, Syahuka, amenisimulia sokoni. Kila siku Twaibu akishapakua Kasese hasubiri mzigo wa kurudi. Anakuja na gari tupu mpaka mpakani, anasimama getini na kuwauliza wanaovuka, mmoja mmoja, kama wamemwona mtu mrefu mwenye mtoto aliyefungwa mkono. Hajaniambia hata neno. Nilipomwuliza akasema, "Nitafanya nini kingine?"

Jumanne 17 Machi

Elise ameuliza kama Idd tutachinja. Nikamwambia ndiyo, mbuzi. Akahesabu kwenye vidole: Idd inaangukia Ijumaa, na Pasaka bado. "Basi mi nitakula na kibao yangu," akasema, akicheka, akimaanisha kile kibao cha mlangoni. Hakuwa analalamika.

Jumatano 18 Machi

Mama Ramula ameamua. Alisubiri Twaibu amalize futari, akasema, "Mbuzi utachinja Jumamosi, umpeleke nyama mzee wa msikiti na majirani. Ijumaa nyumba hii haili nyama."

"Mama, Idd bila nyama? Ndugu zangu wanakuja kutoka Kitswamba."

"Watakula vitabu."

"Watasema tumefilisika."

"Waseme." Akageukia upande wangu. "Unga upo?"

Mwanamke huyu nimeishi naye miaka kumi na mitatu.

Ijumaa 20 Machi, Idd

Tumeamka kabla ya adhana kuloweka na kutwanga. Mimi, Elise na Nasifah, vikaango vitatu, chapati ndogo mia moja na ishirini. Maharage mekundu na meusi, uyoga uliochomwa na kitunguu saumu, sombe, mchuzi mzito wa karanga, gonja, kabichi na karoti zenye siki, nyanya, parachichi lililopondwa na ndimu. Pilipili ya Kongo kwenye kibakuli kidogo kwa wanaume wanaojigamba. Kwa mara ya kwanza nimeweza kuonja chakula changu mwenyewe, na Elise alisimama mbele yangu akinitazama usoni.

"Tantine? Chumvi?"

"Sawa."

"Kweli ao unasema tu?"

"Kweli."

Niligeuka kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Baada ya swala walifika shemeji zangu wawili na wake zao na watoto. Walitafuta harufu ya pilau, niliwaona wanavyonusa. Mkubwa, Ukasha, akauliza nyama iko wapi. Mama Ramula akasema, "Iko hai, imefungwa nyuma ya nyumba. Nawa mikono." Akamwonyesha mwenyewe: chapati kwenye kiganja, maharage, uyoga, kabichi, kunja. Ukasha alikula cha kwanza kwa shaka na cha saba bila kuongea. Watoto walipakaa parachichi mpaka masikioni. Mke wake aliniomba nimwandikie vipimo.

Ingekuwa siku nzuri. Niseme tu ilikuwa siku nzuri, kwa sababu kila mtu alishiba kwenye mkeka mmoja na Elise alikaa katikati, kwenye gauni la Nasifah la kijani, akijibu watu waliomwita fundi.

Kisha akachukua sahani safi. Akachagua chapati mbili zilizotoka duara kuliko zote, akaweka maharage, gonja, parachichi jingi, akazikunja, akazifunika kwa sahani nyingine. Ukasha, ambaye hajui lolote, akamwuliza, "Hizo ni za mchumba?"

"Ni za mama," Elise akasema. "Kama anafika leo."

Twaibu aliinuka akatoka. Mama Ramula akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea. Mimi nilibaki nimekaa. Nilifikiri, sasa hivi, Raihana, mshike mkono umtoe nje umwambie. Kinywa kilifunguka kabisa. Kikatoka, "Ziweke kabatini, zisiingie nzi."

Jumamosi 21 Machi

Mbuzi amechinjwa. Asubuhi kupitia dirisha nilimwona Elise anatoka na ile sahani. Alikwenda mpaka kwenye uzio, akawakatia kuku zile chapati vipande vidogo vidogo, akawatupia. Aliosha sahani, akaifuta, akairudisha mahali pake.

Jumanne 24 Machi

Mvua. Hakuna habari.

Jumatano 25 Machi

Mvua. Hakuna habari. Ameacha kuuliza.

Jumamosi 28 Machi

Wamefika.

Fuso lilisimama saa nne asubuhi. Twaibu akashuka, akazunguka, akampokea Hardy aliyekuwa amelala, mkono kwenye bandeji nyeupe. Kisha Sosthène. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye sauti. Shati lilimning'inia sasa kama limeanikwa. Alinisalimia kwa mikono yote miwili, "Mama Nasifah, aksanti, aksanti."

Elise alikuwa kwenye ngazi ya jikoni na mwiko mkononi. Aliangalia baba, akaangalia Hardy, akaangalia mlango wa gari uliobaki wazi. Aliuangalia mlango ule muda mrefu.

Sosthène akamchukua wakaenda kukaa kwenye benchi la nyuma ya nyumba. Sikusikia alichosema. Sikusikia kilio pia. Nilichungulia mara moja tu: alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na ni baba aliyekuwa ameinamia magoti yake, naye akimpigapiga mgongoni kama mtu anayemcheulisha mtoto mchanga.

Aliporudi ndani alinipita. Akasimama, akarudi hatua moja.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe nane."

Nikaona anahesabu. Alikuwa anapitia kila siku tuliyokaa pale jikoni, kila chapati. Kisha akaingia chumbani kwa Nasifah akafunga mlango.

Jumapili 29 Machi

Elise hali chochote. Nimepika maharage, nimepika uji, nimepika zile chapati. Nazikuta mlangoni kama nilivyoziacha.

Jumanne 31 Machi

Amekula ndizi mbili alizopewa na Mama Ramula. Kwangu hapokei kitu. Nasifah ananiuliza nimemkosea nini Elise. Sosthène amejaribu kunitetea, akamwambia ni yeye aliyeomba. Elise akamjibu, "Najua, papa." Lakini kwangu hageuki.

Siwezi kumlaumu. Wala siwezi kusema ningefanya vingine. Mambo haya mawili yanakaa ndani yangu na hayaelewani.

Ijumaa 3 Aprili

Wameenda kanisani kutwa nzima kwa Njia ya Msalaba. Sosthène ameamua. Kaka yake yuko kambi ya wakimbizi, ana kipande cha ardhi, watoto watasoma. Wanaondoka Jumatatu ya Pasaka. Nilimwambia amwache Elise hapa, ana kitanda, ana shule, ana dada. Nilisema kwa nguvu zote nilizonazo. Akasema, "Mama Nasifah, nimebakia na bawili tu."

Jumapili 5 Aprili, Pasaka

Mama Ramula amewapikia kuku. Elise alikula paja zima. Twaibu alimtazama akila kama mtu anayeangalia mpira.

Jumatatu 6 Aprili

Wameondoka saa mbili asubuhi. Twaibu anawapeleka Kasese wakapande basi.

Nilikuwa jikoni nafunga chakula cha njiani, na kwa sababu sijui kufanya kitu kingine, nilikuwa nimepika zile chapati, nimezifunga kwenye jani la ndizi, vya ndani vyote kwenye kopo. Sikutarajia azichukue. Nilitaka tu ziwepo ndani ya gari.

Elise aliingia peke yake. Alikuwa amesukwa vizuri, kazi ya Mama Ramula. Alisimama pale anaposimamaga siku zote, upande wa kushoto wa jiko.

"Tantine."

"Naam."

"Tangu tarehe nane mupaka papa anafika, sikukuona unalia. Hata siku moja. Nilikuwa nakuangalia."

"Sikutaka uone."

"Ulikuwa unalilia wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa ndio aliokuja kuutafuta. "Chooni. Nikifungua bomba la nje kwanza, maji yapige kelele kwenye ndoo."

Akatikisa kichwa polepole.

"Na mimi," akasema. "Tangu ile siku ya telefone."

Tukatazamana. Siku zile zote kumi na tano, tukipokezana mlango ule wa mabati wa choo, kila mmoja akirudi jikoni na uso ulionawa.

Nje Twaibu alipiga honi. Elise alichukua kile kifurushi cha jani la ndizi, akakiinua kukipima uzito, akaniuliza kama nimetia chumvi ya kutosha. Nikamwambia sijui, sijaonja. Akafungua kona, akakata kipande kidogo, akafumba macho.

"Inatosha," akasema, akaenda kupanda gari.